Kifua au pua? Swali moja la mlangoni na takwimu za nimonia za taifa zima

Hotuba kwa wadadisi, wasimamizi wa uwandani, waratibu wa takwimu za afya na waandishi wa habari

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wadadisi na wasimamizi, ndugu waratibu wa takwimu kutoka wilayani, ndugu zetu wa vyombo vya habari, habari za asubuhi.

Kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya taarifa za wagonjwa kituoni, kinamjua mtoto aliyefika. Mama akipanga foleni, mganga akamsikiliza mtoto kifua na kuandika nimonia, basi mtoto huyo ameshaingia kwenye hesabu ya zahanati, ya wilaya na ya taifa. Aliyenunuliwa dawa ya kikohozi kwenye Duka la Dawa Muhimu hayumo. Aliyechuliwa kifua usiku kucha na bibi yake hayumo. Aliyekosa nauli hayumo. Ndiyo maana wilaya ikifungua zahanati 3 mpya, nimonia kwenye vitabu vyake hupanda, hata kama kule vijijini hakuna mtoto hata mmoja aliyeongezeka kuugua. Kilichoongezeka ni milango ya kuandikishia.

Utafiti wa kaya hubisha hodi kwa aliyefika zahanati na kwa asiyefika, na hiyo ndiyo thamani yake. Na jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 nimonia iliua watoto 740,180 walio chini ya miaka 5 duniani, sawa na asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo. Ila niseme mapema: namba ya utafiti wa kaya haiji na ukweli wake kutoka ofisini. Ubora wake unaamuliwa mlangoni, katika dakika chache ambazo mdadisi anamuuliza mama juu ya kikohozi. Humo ndimo nitakamokaa zaidi leo.

Nitatumia Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar pamoja na wizara za afya za pande zote mbili. Kazi ya uwandani ilianza mwishoni mwa Februari ikamalizika Julai. Sampuli yake ilichaguliwa kwa hatua mbili. Kwanza yalichaguliwa maeneo 629 ya kuhesabia watu, yaani klasta, na eneo lenye kaya nyingi lilipata nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Kisha katika kila klasta zikachaguliwa kaya 26. Zidisheni mtapata kaya 16,354 kwa mikoa yote 31.

Orodha ya maeneo hayo ilitoka kwenye sensa ya 2012, kwa sababu sensa mpya ilikuwa bado: usiku wake ulikuwa wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, timu za utafiti zikiwa zimekwisha kurudi. Katika miaka hiyo 10 Tanzania ilitoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120. Eneo ambalo 2012 lilikuwa mashamba ya mihogo pembezoni mwa Dar es Salaam, leo lina nyumba zimebanana. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kaya ni lazima kupita upya na kuorodhesha kila kaya iliyopo. Tuseme umeorodhesha kaya 312 na unahitaji 26. Gawanya, unapata 12. Unachagua kwa bahati nasibu namba ya kuanzia kati ya 1 na 12, tuseme 5, kisha unaruka 12 kila mara: 5, 17, 29, 41, mpaka zitimie 26. Hesabu yenyewe haina ugumu. Ugumu uko kwenye ile 312.

Aliyepita kuorodhesha aliona nyumba au aliona kaya? Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba 6 na ukumbi katikati inaweza kuwa na kaya 6, kila mpangaji na chungu chake. Kaya ni watu wanaokaa pamoja na kula chungu kimoja. Bati moja halifanyi kaya moja. Mwenye orodha akichoka jua la saa 8, akaandika jina la mwenye nyumba na kupita, amewafuta wapangaji wote. Na wapangaji wa chumba kimoja ndio wanaolala wanne kwenye kitanda kimoja na kupikia mkaa kibarazani. Ndio hasa ambao maambukizi ya njia ya hewa huwazunguka. Kwa hiyo kosa hili halipunguzi tu ukubwa wa orodha, linainamisha matokeo upande mmoja: ugonjwa unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Muulizeni balozi au mjumbe wa shina, na Zanzibar sheha, lakini msiandike kwa kauli yake. Piteni mlango kwa mlango.

Na kaya iliyochaguliwa haibadilishwi. Ukikuta kufuli, unarudi kwa saa tofauti na siku tofauti, si chini ya mara 3, kisha unaandika kwamba hawakupatikana. Jirani aliyekaa barazani na ambaye yuko tayari hata sasa hivi si mbadala. Mama asiyepatikana mchana mara nyingi yuko kazini au sokoni. Wakati mwingine yuko hospitali na mtoto mgonjwa. Ukimweka jirani mahali pake umemtoa mgonjwa ukaweka mzima.

Sasa tuingie ndani.

Mama amekubali kwa ridhaa yake, kishikwambi kiko mkononi, mmefika kwenye sehemu ya afya ya watoto. Kwa kila mtoto wake aliye hai na aliye chini ya miaka 5, maswali ni matatu kwa maana yake: je, mtoto alikohoa wakati wowote katika wiki 2 zilizopita? Je, katika muda huo alikuwa akipumua haraka haraka, pumzi fupi fupi, au kwa shida? Na je, hali hiyo ilitokana na tatizo la kifuani, au pua iliyoziba au kutoa kamasi? Kupumua haraka au kwa shida kukiwa kumetokana na kifua, mtoto anahesabiwa kuwa na dalili za maambukizi makali ya njia ya hewa. Kukiwa ni pua peke yake, anatoka. Kwa hiyo swali la tatu ndilo lango. Jibu moja tu linampitisha mtoto au kumrudisha.

Kiswahili chetu hapa kina mtego wake. Mama akisema mtoto ana kifua, mara nyingi hazungumzii mapafu. Anasema mtoto anakohoa, basi. Neno hilo hilo ni kiungo cha mwili na ni jina la ugonjwa. Ukimuuliza kama tatizo ni la kifuani, atajibu ndiyo kwa sababu kikohozi chochote kwake ni kifua. (Asiyetunza siri tunasema hana kifua, na kwa kazi hii mdadisi awe nacho, lakini hilo ni somo la asubuhi ya kesho.) Vivyo hivyo na kichomi: kwa mmoja ni maumivu ya ubavuni kama ya kuchomwa, kwa mwingine ndiyo nimonia yenyewe, kwa wa tatu ni gesi. Pumu kuna wazazi hawaitaji kabisa, watakuambia mtoto anabanwa. Na mdadisi aliyezoea hojaji za Kenya asishangae: kule wengi husema homa wakimaanisha mafua, wakati mama wa Tabora akisema homa anakusudia mwili kuchemka, na moyoni anawaza malaria. Homa ina swali lake tofauti kwenye hojaji. Ukizichanganya, umeharibu viashiria viwili kwa mkupuo mmoja.

Mfanye nini basi? Swali lisomwe kama lilivyoandikwa, lote, mpaka neno la mwisho. Kosa linaloonekana mara nyingi zaidi ni mdadisi kusoma nusu, kusikia neno kifua na kubonyeza. Mama hajasikia kwamba pua nayo ni jibu, na kwamba vyote viwili kwa pamoja nacho ni chaguo. Akisita, rudia swali zima polepole. Usitafsiri kwa maneno yako, na usimwigizie mtoto anavyohema juu juu isipokuwa mwongozo umeruhusu, kwa sababu mama ataitikia uigizaji wako, na wewe na mwenzako hamwigizi sawa. Penye lugha nyingine, iwe Kisukuma, Kimasai au Kimakonde, itumike tafsiri iliyoandaliwa na kujaribiwa kabla ya kazi, na mtu wa kwanza kuulizwa wakati wa majaribio awe mama mwenye mtoto mdogo. Mwalimu wa lugha aje baadaye.

Zile wiki 2 nazo zina hila. Ugonjwa uliomtisha mama hujisogeza karibu: wa wiki 4 zilizopita, mtoto alipopelekwa usiku kwa bodaboda, anaukumbuka kama wa juzi. Ule mwepesi wa siku 12 zilizopita umeshasahaulika. Fungeni muda kwa vitu vya pale pale: tangu gulio lipi, tangu Ijumaa ipi, kabla au baada ya mnada. Dakika 1 ya kuliweka sawa jambo hili mwanzoni mwa sehemu ina faida kuliko kumuuliza mama mara 5 kama ana uhakika.

Mtaniuliza, kwa nini tusipime moja kwa moja? Kituoni mhudumu huhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni haraka. Kwa wa miezi 12 hadi 59, ni 40 au zaidi. Lakini hiyo ni pumzi ya sasa hivi. Pumzi ya Jumanne iliyopita haihesabiki tena, na mtoto aliyepona leo anacheza mpira uani. Utafiti wa kaya hauna budi kutegemea macho na kumbukumbu za mama. Macho hayo si mabaya, ila hayakufundishwa kutofautisha nimonia na mafua makali. Hata daktari bila kifaa hubabaika.

Kuna watoto ambao swali haliwafikii kabisa. Wa kwanza ni aliyefariki: maswali haya huulizwa juu ya walio hai, kwa hiyo mtoto aliyeuawa na nimonia wiki iliyopita hayumo katika jedwali la nimonia, yumo katika jedwali la vifo lisilotaja sababu. Wa pili ni mtoto asiye na mama nyumbani. Utafiti wa aina hii humuuliza mwanamke juu ya watoto aliowazaa mwenyewe. Anayelelewa na bibi Singida wakati mama yuko Dar, au yatima, anapita katikati ya vidole. Tafiti za MICS, ambazo nazo ni tafiti za kaya zinazosimamiwa na UNICEF, humuuliza mama au mlezi wa mtoto, na kwa jambo hili moja naziona ziko mbele. Ukilinganisha aina hizi mbili, kumbuka kwamba hazikuuliza watoto wale wale.

Wa tatu ni mtoto aliyezeeshwa. Wasimamizi, hapa nawaomba masikio. Mtoto wa miaka 4 na miezi 10 analeta kurasa nyingi za maswali: kuhara, homa, kikohozi. Akiandikwa kwamba alizaliwa miezi 3 mapema zaidi, maswali yote yanaruka yenyewe kwenye kishikwambi na mdadisi anakwenda kunywa chai. Hili limejulikana katika tafiti za afya duniani kwa miongo mingi, na dalili yake haijifichi: katika data za mdadisi mmoja, waliozaliwa mwaka ulio nje kidogo ya mpaka ni wengi mno, na walio ndani kidogo ya mpaka wamepungua. Tengenezeni jedwali hilo kwa kila mdadisi tangu wiki ya kwanza. Lile la mwisho wa kazi litawaonyesha tu hasara. Kisha rudini katika kaya chache bila kumwarifu mdadisi, muulize idadi ya watu, umri wa watoto na kadi za kliniki, basi. Dakika 5 zinatosha.

Niende kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo waandishi wa habari na hata wakuu wetu huteleza. Huu ni mfano wa ubaoni, si matokeo ya nchi yoyote. Chukueni watoto 10,000. Tuseme 200 waliugua nimonia ya kweli ndani ya wiki 2. Maswali yetu matatu yakawanasa 70 katika kila 100 ya hao, yaani 140. Waliobaki ni 9,800, na maswali yakawaacha kwa usahihi 95 katika kila 100. Ni vizuri sana kwa hojaji. Lakini 5 katika kila 100 ya 9,800 ni 490, nao wameingia kimakosa wakiwa na mafua makali, pumu au kikohozi cha kawaida. Jumla wenye dalili ni 630, na katika hao wenye nimonia ni 140 tu, hawafiki robo.

Sasa ongezeni dawa. Tuseme nchi hii ina huduma nzuri: watoto 80 kati ya 100 wenye nimonia walipata antibayotiki, na wenye mafua ni 25 tu kati ya 100. Waliopata ni 112 na takriban 122, jumla 234 kati ya 630. Ripoti itaandika asilimia 37. Gazeti litaandika kwamba watoto 6 kati ya 10 wenye nimonia hawapati dawa. Si kweli hata kidogo: katika mfano wetu walikuwa 2 kati ya 10. Na tukiwa wakaidi, tukaimwagia nchi hiyo antibayotiki kwa kila kikohozi, kiashiria kitapanda vizuri huku usugu wa vimelea nao ukipanda. Wataalamu wa vipimo wameonya juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 10 sasa. Andikeni dalili. Neno nimonia liachieni kituo chenye mtu aliyemgusa mtoto.

Namba inayobaki imara zaidi ni ile ya kutafuta huduma: kati ya wenye dalili, wangapi walipelekwa kwa mtoa huduma. Hata hiyo, someni tanbihi. Duka la Dawa Muhimu limehesabiwa upande gani? Likihamishwa kutoka safu moja kwenda nyingine, asilimia inaruka na hakuna mama hata mmoja aliyebadili mwenendo.

Uchache wa walioulizwa nao una mambo yake. Tuchukue mfano mwingine: watoto 10,000, wenye dalili asilimia 2, yaani 200. Watoto wa klasta moja hufanana, wanapeana mafua darasani na kuloa mvua moja, kwa hiyo taarifa za watoto 26 wa jirani si sawa na za watoto 26 waliotawanyika nchi nzima. Ukilitia hilo katika hesabu, asilimia 2 yako inaweza kuwa kati ya 1.7 na 2.3. Hakuna ubaya. Lakini asilimia ya waliotafuta huduma inahesabiwa juu ya wale 200 peke yao. Ukipata 60, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 52 na 68 hivi. Gawanya 200 kwa mikoa 31: kila mkoa una watoto 6. Mkoa wenye watoto 6 hauna asilimia, una watoto 6. Ndiyo maana ripoti hizi huweka kwenye mabano namba iliyotoka kwa watu 25 hadi 49, na kuweka nyota pale walipopungua 25. Waratibu wa wilaya mnaoomba takwimu za wilaya yenu kutoka humo, jibu ni hapana, na atakayewapa kawadanganya.

Uzito wa sampuli nitaupitia haraka. Zanzibar ina mikoa 5 kati ya 31, na ili kila mkoa usomeke, klasta zake ni nyingi kuliko sehemu yake ya watu: katika sensa ya 2022 ilikuwa na watu 1,889,773, karibu 3 katika kila 100 ya taifa. Anayepakua data na kupiga wastani bila kutumia safu ya uzito anaipa Zanzibar sauti isiyo yake. Wanafunzi wa uzamili, nadhani tumeelewana.

Kuna kosa jingine ambalo halina safu ya kulirekebisha: majira. Utafiti wa kabla ya huu ulikusanya data kuanzia Agosti 2015 hadi Februari 2016. Huu wa 2022 ulipita Februari hadi Julai, ndani ya masika yote na mwanzo wa kipupwe. Kikohozi cha Novemba na kikohozi cha Juni kule Njombe si ndugu. Ukiona dalili zimepanda au zimeshuka kati ya tafiti hizi mbili, kabla ya kuisifu chanjo ya nimokoko au kulaumu kuni, angalia kalenda. Na ndani ya utafiti mmoja, timu huhama mkoa hadi mkoa, kwa hiyo mkoa uliofikiwa Machi na uliofikiwa Julai unatofautiana kwa hali ya hewa kabla hujagusa kitu kingine. Dawa ipo, ingawa ni ghali: kuzigawa klasta za kila mkoa katika vipindi viwili au vitatu vya kazi. Mafuta ya gari ndiyo hukataa.

Je, wako waliotoka kwenye kuuliza wakaingia kupima? Wapo. Kenya, katika utafiti wa kifua kikuu wa 2015 na 2016, walikwenda na mashine za eksirei za kifua hadi kwenye klasta, wakachukua makohozi ya waliokuwa na dalili au picha yenye shaka. Walishiriki watu 63,050 wa miaka 15 na zaidi, na matokeo yalikuwa wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, zaidi ya ilivyokuwa ikikadiriwa. Picha ilinasa watu ambao hawakuwa wakilalamika kikohozi. Hojaji peke yake ingewapita.

Uingereza walifanya kubwa zaidi. Mwishoni mwa Aprili 2020 Ofisi ya Takwimu ya Taifa, ONS, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, ilianza utafiti wa maambukizi ya korona katika kaya za England, kisha ukaenea Wales, Ireland ya Kaskazini na Scotland. Kila mtu wa miaka 2 na zaidi katika kaya iliyokubali alijipangusa puani na kooni kwa kijiti. Wadogo walipanguswa na wazazi. Ziara zilikuwa za kila wiki kwa wiki 5 za kwanza, kisha kila mwezi. Mshiriki alipewa vocha ya pauni 50 kwa ziara ya kwanza na 25 kwa kila iliyofuata. Nawaona mnavyotabasamu. Katikati ya 2022 ziara zilikoma, vifaa vikaanza kwenda kwa posta, na Machi 2023 utafiti ukasimamishwa. Majira ya baridi yaliyofuata, Novemba 2023 hadi Machi 2024, ulifanyika mwingine mdogo kwa vipimo vya haraka vya nyumbani.

Tazameni tofauti ya kipimo. Kati ya 31 Julai na 10 Septemba 2020, sampuli 208,730 zilitoa 159 zenye virusi. Hata tukiwa wabishi tukasema zote 159 ni makosa ya maabara, bado kipimo kimewatenga wasio na virusi kwa asilimia 99.92. Rudini kwenye mfano wetu wa 95 mwone kwa nini sisi tulipata wasiostahili 490.

Na faida yake ilionekana Machi 2022, ambapo England mtu 1 katika kila 13 alikuwa na virusi. Tarehe 1 Aprili upimaji wa bure kwa wengi ulikoma. Idadi ya wagonjwa walioripotiwa ikashuka, kwa kuwa waliopimwa walishuka. Namba ya kaya haikudanganyika. Ni kile kitabu cha MTUHA tena, safari hii kwa Kiingereza.

Wao pia walikuwa na mashimo. Nyumba za wazee na hospitali hazikuwamo, kwa sababu si kaya. Na mwenye virusi kijitini si lazima awe ameambukizwa wiki hiyo; kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi, huweza kuonyesha mabaki ya virusi wiki kadhaa baadaye. Anayetaka maambukizi mapya anahitaji modeli juu ya modeli.

Jambo moja ningependa tuwaige bila kununua hata kijiti: waliuliza ugonjwa unamfanya mtu nini. Waliwauliza washiriki kama bado wana dalili zaidi ya wiki 4 baada ya kuugua, zisizoelezeka kwa sababu nyingine, na kama zinapunguza shughuli zao za kila siku. Machi 2023 walikadiria watu milioni 1.9 wenye hali hiyo, na milioni 1.5 kati yao shughuli zao zilikuwa zimeathirika. Sisi tunajua mtoto alikohoa. Hatujui mama alikosa siku ngapi sokoni.

Tukiliongeza swali hilo, tusiulize gharama kwa mkupuo. Ukimuuliza baba ugonjwa ulimgharimu shilingi ngapi, atakupa bei ya dawa. Tenganisheni: nauli ya kwenda na kurudi, kumwona daktari, vipimo, dawa za kituoni, dawa za dukani, chakula cha mgonjwa na msindikizaji, siku ambazo mtu mzima hakufanya kazi, siku ambazo dada mkubwa hakwenda shule kwa sababu ya kulea. Vipengele vilivyotajwa kimoja kimoja huleta jumla kubwa kuliko swali moja, na ndiyo iliyo karibu na ukweli.

Na msiunganishe bila kufikiri na Utafiti wa Kaya Jopo, ambao hurudi kwa kaya zile zile na huuliza juu ya kumwona mtoa huduma katika wiki 4. Wiki 4 si wiki 2 mara mbili. Ugonjwa wa siku 10 unaonekana ndani ya dirisha la siku 14 hata kama ulianza karibu siku 10 kabla ya dirisha, kwa hiyo kwa kweli unakusanya siku 24. Dirisha la siku 28 linakusanya 38. Uwiano ni 1.6 hivi, na hapo sijaanza kupunguza waliosahau.

Kwenye meza zenu kuna karatasi yenye yale maswali matatu. Kabla ya chai, kaeni wawili wawili, mmoja awe mama. Mama achague moyoni mwake moja: mafua tu, pumu, au mtoto anayehema juu juu na mbavu zinabonyea. Asimwambie mdadisi. Mdadisi asome kama ilivyoandikwa, ajaze, kisha tuhesabu ubaoni wangapi wamepita kwenye lango na wangapi walistahili.